Usemi Usiofungwa

Kila tunapokutana sisi waandishi vijana kusomeana kazi, hakosekani mmoja wa kuniuliza kwa nini siandiki rasimu. Wenzangu huandika riwaya nzima kwa penseli, wakaisoma, wakaibomoa, wakaijenga upya. Mimi nakaa mbele ya taipu, na sentensi inatoka ikiwa imekwisha kuamua inakwenda wapi. Wananiambia huo ni uvivu. Walio wapole zaidi wanauita kiburi. Kiburi nakikubali. Uvivu siukubali hata kidogo, kwa sababu namna hii ya kuandika niliipigania Iringa, katika chumba kilichonuka wino na dawa ya kusahihishia, na nusura inipokonye kiti nilichokuwa nakipenda kuliko kitu chochote duniani.

Nilizaliwa kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Mbeya, kwa watu wanaolima viazi na pareto siku sita na kuimba kanisani siku ya saba. Nyumbani tulisema Kisafwa. Kiswahili nilikikuta shuleni. Baba aliponunua redio, bibi yangu, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, aliniweka kati yake na lile sanduku na kunifanya mdomo wake. Redio ilisema, mimi nikageuza.

"Anasemaje?" angeuliza kabla mtangazaji hajavuta pumzi.

"Ngoja amalize kwanza, bibi."

"Akimaliza atakuwa ameshakwenda zake. Nipe angali anasema."

Basi nilijifunza kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Sikio lilipokea Kiswahili, mdomo ulitoa Kisafwa, na katikati hapakuwa na mahali pa kuweka akiba. Nikijaribu kukumbuka sentensi mbili zilizopita, ya tatu ilinipita. Nikikimbilia mbele ya mtangazaji, nilitoa uongo. Sikujua kwamba hiyo ni kazi. Nilidhani ni adhabu ya kuwa mjukuu aliyesoma.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Iringa kwa shangazi yangu aliyeolewa Kihesa, na baada ya kozi fupi ya taipu nikapata kibarua katika ofisi ndogo karibu na soko. Tulitoa karatasi ya habari ya kubandikwa ukutani, kwa ajili ya wanakisomo, yaani watu wazima waliokuwa wametoka kujua kusoma. Miaka ile kila kijiji kilikuwa na darasa. Wazee walikaa kwenye madawati ya wajukuu zao, na mtu akishajua kusoma anataka kitu cha kusoma. Karatasi yetu ilibandikwa kwenye maduka ya ushirika, kwenye zahanati na kwenye milango ya madarasa, kutoka Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu vyao hadi huko kwetu juu ya Mbeya.

Habari tulizipata kwa redio. Kila siku mchana kulikuwa na kipindi cha imla kwa ajili ya ofisi za mikoani. Mtangazaji alisoma polepole, kila kipande mara mbili, na alitaja kwa sauti kila alama iliyomo. "Mkulima bora, mkato, alisema, nukta mbili, fungua usemi." Alikwenda hivyo mpaka "funga usemi, nukta, aya mpya." Kwa msikilizaji wa kawaida ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayehesabu kokoto. Mimi niliipenda. Nilipenda kwamba kila kilichofunguliwa kilikuwa na mahali pake pa kufungwa, na kwamba mtu fulani pwani, kwenye kituo cha redio, alikuwa na subira ya kututajia.

Tulikuwa watatu. Mkubwa wetu, ambaye wote tulimwita Mzee ingawa hakuwa na mvi nyingi, alikuwa mwalimu zamani, na alitembea na kalamu nyekundu mfukoni kama daktari na kipimo chake. Wa pili alikuwa kaka mmoja Mhehe, mwenye mikono mikubwa iliyojaa wino mpaka kwenye viwiko, ambaye kazi yake ilikuwa redio na mashine ya kurudufu. Wa tatu mimi. Kaka hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Mbeya.

"Kamwene, Mbeya. Huko kwenu mvua imewaruhusu kutoka ndani leo?"

"Kamwene, kaka. Imeturuhusu. Nyie upepo umewaachia paa?"

Ndivyo tulivyoanza kila siku, kwa salamu ya Kihehe.

Utaratibu wa Mzee ulikuwa hivi. Mimi niliandika imla yote kwa mkono. Yeye aliisoma yote, mwanzo hadi mwisho, akiwa amefunga mlango. Kisha akaigeuza: Kiswahili kirefu cha redio akakifanya Kiswahili kifupi cha wanakisomo. Kisha nikapiga stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, kaka akarudufu, na karatasi zikafungwa kwa kamba na kupelekwa stendi. Kila hatua ilingoja ile iliyotangulia imalizike kabisa. Tulipofika stendi, basi la Mbeya lilikuwa limeshaondoka zamani. Karatasi zililala kwetu na kusafiri kesho yake. Mbeya walizibandika zikiwa zimechacha. Walituletea salamu kwamba kwao karatasi yetu wanaiita kiporo.

Mimi ndiye niliyekasirika. Wale waliocheka walikuwa watu wangu.

"Mzee," nilimwambia siku moja, "niruhusu nipige stensili moja kwa moja kutoka kwenye redio. Nisikie, nigeuze, nipige. Mtangazaji akimaliza, na sisi tumemaliza."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa aruke kutoka juu ya jabali.

"Stensili, binti? Unaijua stensili?"

Niliijua. Unaondoa utepe kwenye taipu ili herufi zipige nta tupu. Kila herufi inakata. Ukipiga kwa hasira, herufi o inatoboka na kuanguka kama punje. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unangoja ikauke, unapiga juu yake, na hata hivyo doa linaonekana. Stensili haisahau. Ndiyo maana Mzee hakuruhusu neno liifikie kabla halijapita chini ya kalamu yake.

"Naijua, Mzee."

"Na kichwa cha habari utakiandika lini, wakati hujui habari ipi ni kubwa? Nyumba inaanza na ukuta bila msingi?"

"Nitaacha nafasi juu. Mwishoni narudisha stensili nyuma taratibu, naandika kichwa. Hakuna nyumba iliyoanza na paa, Mzee."

Kaka aliangua kicheko nyuma ya mashine. Mzee hakucheka, lakini hakukataa tena. Alisema tutajaribu, kwa stensili mbovu, na hakitatoka kitu nje ya ofisi.

Siku ya kujaribu niliharibu vizuri sana. Redio ilianza kwa kusema kwamba taarifa zilizoenea mjini kuhusu kuhamishwa kwa mnada wa ng'ombe, na mimi kwa haraka ya kujionyesha nikapiga: Mnada wa ng'ombe unahamishwa. Mtangazaji akarudia kipande chake, akameza mate, akamalizia: hazina msingi wowote. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinyoosha kidole kirefu mpaka kwenye stensili.

"Umeshawahamisha ng'ombe wa watu," alisema. "Sasa nani atawarudisha?"

Alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Lakini sikuinuka kitini. Niliomba siku nyingine, nikaja na kanuni: sitapiga kitu mpaka sentensi ifike kwenye nukta. Nitashika sentensi moja kichwani, moja tu. Ikifungwa, naigeuza na kuipiga, huku nikiishika inayofuata. Si habari nzima, kama atakavyo yeye. Wala si neno kwa neno, kama nilivyofanya kwa pupa. Mzee alizungusha kalamu yake vidoleni. Aliyekuwa mwalimu ndani yake aliipenda kanuni ile, hata kama mkubwa wa ofisi hakuipenda.

Ilibaki shida moja, na aliyeiona ni kaka. Nilikuwa nasahau nimo ndani ya maneno ya nani. Mtangazaji akisema fungua usemi, anayesema si redio tena, ni mtu aliyenukuliwa. Na mtu huyo naye huenda akamnukuu mwingine: "fungua usemi wa ndani." Katikati ya kupiga, nilichanganya wasemaji.

"Wewe Mbeya," kaka alisema, "unafungua fungua kila kitu halafu unajiendea zako. Huko kwenu zizi la mbuzi linafungwa na nani?"

Akatoa kiberiti mfukoni. Tangu siku hiyo alisimama pembeni yangu kipindi chote. Redio ikisema fungua, aliweka njiti moja mezani mbele ya macho yangu. Ikisema fungua tena, njiti ya pili. Ikisema funga, aliondoa ya mwisho. Nilipiga huku nikiona kwa jicho la pembeni nimezama mpaka wapi. Meza tupu, ni redio inayosema. Njiti moja, ni mtu. Njiti mbili, ni mtu ndani ya mtu. Sijapata kuona tena chombo cha kazi kilicho rahisi namna hiyo.

Njiti zilihitajika kwetu kuliko kwingine, kwa sababu ya desturi moja ya ofisi. Karatasi yetu haikuwa na alama za usemi. Walimu wa kisomo walituambia wanafunzi wao wakizikuta wanasita, wanaziuliza, wanadhani ni uchafu wa mashine. Kwa hiyo Mzee alizipiga marufuku. Maneno ya kila mtu yaliingia kwa neno moja tu: amesema. Maneno ya mkulima ndani ya maneno ya mtaalamu ndani ya maneno ya redio, yote yalilazwa kwenye mkeka mmoja. Aliyepaswa kukumbuka nani ni nani alikuwa mpigaji.

Tulifanya hivyo kwa wiki kadhaa, bila kusafirisha karatasi za majaribio, na Mzee alisahihisha kidogo zaidi kila siku. Mwishowe alitangaza kwamba tutajaribu kweli kweli: basi la Mbeya la alasiri. Aliongeza akiwa mlangoni, akiwa ametugeuzia mgongo:

"Ikienda vizuri, binti, nitaandika barua kiti hicho kiwe chako, si kibarua tena. Ikienda vibaya, utahamia masijala kubandika stempu, na tutarudi kwenye utaratibu wetu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Nilisikia vizuri sana. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na nilikuwa nimeanza kuandika hadithi kwenye taipu ile ile wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Masijala hakukuwa na taipu.

Ilikuwa mwanzo wa mvua za kupandia, baada ya msimu mbaya. Watu walikuwa wamekula mahindi ya njano ya msaada mpaka wameyachoka, na hata hayo yalikuwa yanakwisha. Ghalani kulikuwa na njaa, na majumbani kulikuwa na mbegu: mbegu za mahindi zilizogawiwa vijijini, zimepakwa dawa ya wadudu na kutiwa rangi nyekundu ili mtu asizile. Kila mtu alijua kwamba mbegu nyekundu si chakula. Na kila mtu alikuwa na watoto.

Siku hiyo habari kubwa ilikuwa hiyo ya mbegu. Mtangazaji alimleta mtaalamu wa kilimo. Fungua usemi, kaka akaweka njiti. Mtaalamu alisema amezunguka vijijini. Nukta. Nikapiga. Alisema kwamba katika kijiji kimoja alikutana na mkulima aliyemwambia, nukta mbili, fungua usemi wa ndani. Kaka akaweka njiti ya pili. Mbegu hizi sisi tunaziosha mara nyingi mpaka wekundu wote uishe, mkato, tunazianika, mkato, tunazisaga, mkato, tunakula, nukta. Na hakuna aliyekufa, nukta.

Radi ilipiga juu ya mji kana kwamba imeambiwa ingoje hapo. Redio ikakoroma. Kaka aliruka kwenye waya wa antena, akauvuta, akauzungusha, akagonga sanduku kwa kiganja. Sauti ya mtangazaji ilirudi kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde, kisha ikazama kabisa. Mzee alikimbilia simu. Laini ya kwenda pwani ilikuwa imekufa. Mvua ilikuwa imefika dirishani.

Mezani palikuwa na njiti mbili.

Tulingoja. Kaka alizungusha kitasa cha redio mbele na nyuma, na haikutoka ila mchemko, kama mafuta yenye maji. Basi lilikuwa linaondoka punde. Mzee alisoma stensili ikiwa bado kwenye taipu, akiinama mpaka pua yake ikakaribia nta.

"Sentensi zote zimefungwa," alisema. "Nukta ipo. Ongeza sentensi moja tumalize. Piga: Mtaalamu amewaonya wananchi wasile mbegu nyekundu."

Sikuinua mikono yangu.

"Umenisikia, binti?"

"Hakusema hivyo, Mzee."

"Atasema nini kingine? Nimesikiliza hotuba za kilimo tangu hujazaliwa. Zote zinaishia hapo. Amewaonya wananchi. Piga."

"Labda amesema hivyo. Labda amesema na jingine. Mimi sikusikia. Na wewe hukusikia."

"Kwa hiyo unataka tupeleke maneno ya huyo mkulima peke yake? Kwenye karatasi yetu isiyo na alama? Watu wasome kwamba mtaalamu amesema mbegu zinaoshwa zinaliwa?"

"Hapana. Nataka tuseme redio imekatika."

Nadhani hilo ndilo lililomshtua kuliko yote. Alisimama wima. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, lakini haikuwa na pa kuandika.

"Redio ya serikali," alisema polepole, kama anayetoa imla, "haikatiki katikati ya usemi. Sisi ndio tunaokatika. Hakuna karatasi iliyowahi kutoka ofisini humu ikiwa na kidonda. Watu wale wamejifunza kusoma juzi. Wanaamini kilichoandikwa. Ukiwaonyesha kwamba habari inaweza kuvunjika, kesho wataamini nini?"

"Wataamini tunapowaambia imevunjika," nilisema. "Wanajua kukatika, Mzee. Maji yanakatika. Barabara inakatika. Chumvi inakatika dukani. Ni karatasi yetu tu inayojifanya haikatiki."

"Mbeya," kaka alisema kwa sauti ya chini, "basi."

"Piga nilichokwambia," Mzee alisema, "au toka kwenye kiti."

Nimewasikia watu wakisimulia ujasiri wao, na katika masimulizi yao moyo hutulia. Wangu haukutulia. Niliwaona watu wa vilima vyetu wamesimama mbele ya duka la ushirika, mmoja mwenye macho mazuri akisoma kwa kidole na wengine wakirudia. Wangesoma neno kwa neno. Wangeamini. Kama Mzee alikuwa amekisia vibaya, wangeamini vibaya, na kwa jina la mtaalamu ambaye hakusema hivyo. Sikujua mwisho wa habari ile. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu yote. Sikuijua, na hakuna aliyekuwa na haki ya kujifanya anaijua.

Nikapiga, kwa herufi zile kubwa za wanakisomo:

Haya ni maneno ya mkulima. Si maneno ya mtaalamu. Mtaalamu alikuwa bado anasema. Redio yetu ilikatika hapa. Habari hii haijaisha. Usile mbegu mpaka usome mwisho wake.

Kisha nikairudisha stensili nyuma mpaka juu, pale nilipoacha nafasi, nikapiga kichwa: Habari ya Mbegu, Haijaisha. Nikaitoa kwenye taipu, nikampa kaka, nikasimama kutoka kwenye kiti. Nilisimama mwenyewe. Sikungoja kuambiwa mara ya pili.

Kaka aliishika stensili kwa ncha za vidole. Alimtazama Mzee. Mzee aliitazama saa ya ukutani, kisha dirisha, kisha mimi. Hakujua kupiga taipu. Na hata angejua, muda haukuwepo. Ilikuwa ama karatasi yangu au Mbeya isipate kitu, na hapo maneno ya kiporo yangerudi.

"Rudufu," alisema. "Lakini kiti hicho si chako tena."

Kaka alizungusha mashine kwa nguvu mpaka meza ikatembea. Akafunga karatasi zikiwa bado mbichi, akazifunika kwa koti lake, na kukimbia mvuani kuelekea stendi. Nilimwona kutoka dirishani akiruka mifereji, mtu mzima mwenye kitambi, na nikacheka huku machozi yakinitoka. Basi lilikuwa linageuka. Utingo aliudaka mzigo akiwa mlangoni.

Asubuhi nilikwenda masijala. Kilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja dogo, na mama mmoja mnene mkarimu aliyenionyesha sifongo ya kulowanishia stempu na kuniambia nisizilambe, zina ladha mbaya. Nilibandika. Sikujuta. Nasema hivyo kwa sababu nikisimulia kisa hiki watu hutaka nijute kidogo, ili nionekane mwema. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na hofu ya kurudi kwa shangazi bila cheo, na niliikumbuka ile taipu kama mtu anavyokumbuka ng'ombe aliyeuzwa. Lakini ningepewa mchana ule mara nyingine ningepiga maneno yale yale.

Kabla ya chakula cha mchana simu ilifufuka. Nilisikia sauti ya Mzee ikipita ukutani: ndiyo, ndiyo, naelewa, ndiyo. Baada ya muda alitokea kwenye mlango wa masijala. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote.

"Mbeya wamepiga," alisema.

Mama wa masijala aliacha kubandika ili asikie vizuri.

"Wanasema watu wamejaa mbele ya karatasi tangu asubuhi na hawaondoki. Wanauliza mwisho uko wapi. Dukani, zahanati, kila mahali. Wengine wametembea kutoka vilimani. Bwana wa ofisi ya Mbeya amenikaripia mimi, binti, mimi, kwamba tumewaletea watu njaa ya habari juu ya njaa ya chakula."

"Na mbegu?" niliuliza. "Wamekula?"

Alifungua kifungo cha juu cha koti.

"Wanangoja," alisema. "Ofisi nyingi za bara zilikatikiwa jana. Pwani wamekubali kuirudia habari yote leo, kwenye imla. Njoo uimalize."

"Kiti ni changu, Mzee?"

"Njoo umalize kwanza, hayo baadaye."

"Kiti kwanza."

Mama wa masijala alivuta pumzi kwa sauti. Mimi mwenyewe nilishangaa maneno yale yalikotoka. Kwa mila za kwetu, binti hasimami mbele ya mtu mzima akimwekea masharti, na sikuwa nimewahi kufanya hivyo hata kwa baba yangu. Lakini nilikuwa nimekwisha kulipa. Aliyekwisha kulipa haombi.

Mzee aligeuza sikio. Katika chumba cha pili kaka alikuwa ameshawasha redio, na muziki wa kungojea kipindi ulikuwa unaelekea mwisho.

"Utaanza kwa kuwaomba radhi wasomaji," alisema, na kuondoka mbele yangu. Nilimfuata. Alipofika chumbani alikivuta kiti, akakisogeza nyuma ya taipu, akakiacha wazi na kwenda kusimama dirishani.

Stensili ilikuwa imeshapachikwa. Kaka alikuwa na imani kuliko mimi. Mtangazaji alianza. Alirudia maneno ya mkulima, akafunga usemi wa ndani, na mtaalamu akaendelea na sauti yake mwenyewe. Alisema kuosha kunatoa rangi, hakutoi sumu. Alisema mbegu iliyokuwa nyekundu ikageuka nyeupe ni ya hatari zaidi, kwa sababu mtu mwingine atakayeikuta hatajua. Alisema ugonjwa wake hauji siku ile ile. Halikuwa lile onyo la mbegu nyekundu nililoambiwa nipige jana. Lilikuwa jambo jingine kabisa, na Mzee, pale dirishani, alilisikia kama nilivyolisikia mimi. Hakugeuka.

Kila sentensi niliishika kichwani mpaka ikafungwa, nikaipiga chini ya mstari wangu wa kwanza: Mwisho wa habari ya mbegu ni huu.

Mzee alikuja taratibu, akainama juu ya bega langu.

"Na radhi iko wapi?"

"Redio ilikatika, Mzee. Sikuikata mimi."

Alifungua kinywa. Mimi sikungoja kitakachotoka humo. Mtangazaji alikuwa ameshaanza sentensi nyingine, na mikono yangu ilikuwa juu ya herufi.